Simu Mbili, Uso Mmoja

Kioo kiliingia vumbi kwa sababu ya mwendo wa mtu.

Mega alikuwa ameinama nyuma ya kaunta anabandika kioo cha kinga kwenye simu ya mteja, kazi inayotaka mtu abane pumzi, mara akasikia viatu vya watu wawili vinavuka barabara kuja dukani. Mwendo mmoja hakuujua. Wa pili aliujua miaka mitatu, akainua kichwa, na vumbi likaingia chini ya kioo. Mapenzi hayana adabu, hata mbele ya kazi ya watu hayanyamazi.

Walimwita Mega kwa sababu ya megapikseli. Shule aliiacha mapema, yeye na hesabu hawakuwahi kuelewana, lakini muulize habari za kamera uone. Angekwambia simu ipi inaona gizani na ipi inajifanya inaona. Mtu akija na simu ya bei kubwa kuringa, Mega alikuwa anaiwasha, anapiga picha moja, anamrudishia mwenyewe na kumwambia, pole, umeuziwa jina. Mdomo huo ulimpa wateja na maadui sawasawa.

Upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na wake, kulikuwa na cherehani tatu na msichana mmoja aliyezimudu zote. Watu walimwita Fundi, basi. Alishona sare za shule, mashuka ya hospitali na magauni ya harusi za wenzake. Kwenye shavu la kushoto, kuanzia chini ya sikio hadi karibu na kona ya mdomo, alikuwa na kovu pana lililokunjana kama kitambaa kilichoshonwa na mtu mwenye haraka.

Kila simu mpya ilipoingia dukani, Mega alivuka barabara kwenda kuijaribu kwa Fundi. Alikuwa na sababu zake za kikazi na alizitaja bila kuulizwa. Uzi mweusi, kitambaa cheupe, uso wa mtu katikati. Kamera ikiyaweza hayo matatu inauzika. Fundi alikuwa anacheka, anaendelea kukanyaga cherehani, na Mega anazunguka na kusimama upande wake wa kulia. Siku zote wa kulia. Kovu lisionekane, mtoto wa watu asijisikie vibaya. Hakuwahi kulitaja, hakuwahi kulikodolea macho. Alijiona muungwana sana.

Halafu miezi mitatu iliyopita Fundi akaja mwenyewe dukani. Akasema nipige picha, Mega, ya kichwa na mabega, nzuri kuliko zote. Mega hakuuliza ni ya nini. Alichukua simu ya bluu, ile inayopaka nyuso, akaisukuma modi ya urembo hadi mwisho, akapiga. Shavu likatoka laini kama yai. Aliitazama ile picha siku mbili nzima kwa majivuno.

Wiki ya tatu ndiyo akasikia picha ilikokwenda. Mama yake Fundi alikuwa na rafiki wa zamani, rafiki ana mtoto wa kiume, mtoto ni bwana mifugo, anatibu ng'ombe katika mji ulioko mwendo wa siku mbili kwa basi. Picha ikasafiri, posa ikarudi. Kwa maneno mengine, Mega alichonga mwenyewe mpini wa shoka lililomkata.

Sasa walikuwa wanaingia, mama mbele, binti nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, akipangusa kiti cha wateja kabla ya kukikalia, japo kilikuwa safi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na alipenda kukunja mkono wake wa kulia mapajani kama ameshika kitu kidogo asichotaka kionekane. Mega hakuwa kipenzi chake. Aliwahi kusema, na maneno yakavuka barabara, kwamba mwanamume anayeuza makava ya simu hana hata kava la kujifunika mwenyewe.

Alieleza shida yake bila kuzunguka. Anataka kumnunulia binti yake simu. Ameambiwa ziko mbili bei moja, ya bluu na nyeusi, na anataka yenye kamera nzuri. Mega akazitoa zote mbili, akaziweka juu ya kaunta. Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango. Waliangaliana mara moja tu, kisha kila mtu akatafuta pa kuweka macho.

"Hizi ni mapacha wa bei, mama," Mega akasema. "Si mapacha wa tabia."

Akaanza kazi yake, maana kazi ndiyo iliyokuwa imebaki ya kushika. Akaeleza kwamba ya bluu ina megapikseli mia na nane na nyeusi hamsini, na kwamba hapo ndipo watu wengi wanapoibiwa akili. Megapikseli ni kama vyumba. Nyumba ya vyumba mia yenye kidirisha kimoja ni giza tupu, nyeusi ina vyumba vichache lakini dirisha lake ni kubwa. Akapiga picha ya bango la ng'ambo ya barabara kwa zote mbili, akalivuta karibu kwa vidole. Kwenye ya bluu herufi zilivimba kama zimelala majini, kwenye nyeusi zilisomeka. Akapiga chini ya kaunta penye giza. Ya bluu ilileta ukungu, nyeusi ikahesabu hadi skrubu.

Mama alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayeuza dawa za panya.

"Siliozeshi bango," akasema. "Mimi nataka uso. Nimeambiwa kuna simu inasahihisha uso hata kwenye video. Ni ipi?"

Mega akaisukuma moja mbele kidogo. "Ya bluu."

"Basi ndiyo hiyo."

"Mimi nataka nyeusi," Fundi akasema kutoka mlangoni.

Ilionekana wazi kwamba ugomvi huu haukuzaliwa hapo. Ulitoka nyumbani umeshachoka. Mama akakumbusha kwamba Jumapili bwana mifugo atapiga simu ya video, mama yake na dada zake watakuwa wamekaa hapo, na kwamba siku ya kwanza kuonana huwa hairudiwi. Fundi akasema ndiyo maana.

"Unataka waanze na hilo?" mama akauliza.

"Waanze na mimi."

"Hilo si wewe."

"Ni langu, mama. Nimekaa nalo miaka kumi na tano, halijawahi kulala nje."

Mama akashusha sauti, si kwa sababu ya Mega bali kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Alisema mwanamume ataliona tu baadaye, akiwa ameshamzoea mkewe, na aliyekwisha kuzoea hashtuki. Fundi akamuuliza atakuwa amemzoea nani, yeye au yule wa kwenye picha. Mama akawa anausugua ule mkono wake wa kulia kwa kidole gumba cha kushoto.

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa anagonga mlango wa Fundi, amekuja kuchukua sare. Mama akanyanyuka upesi, kama aliyeitwa kutoka kwenye moto, akasema atakwenda kumhudumia yeye.

"Kijana, mfungie ya bluu," akamwambia Mega. "Nikirudi tunaondoka."

Wakabaki wawili. Feni ya dukani ilikuwa inazunguka na kulia kwikwi. Fundi akaja hadi kaunta, akaichukua nyeusi, akaipima uzito kiganjani kama anavyopima mkasi.

"Nipige," akasema. "Nimtumie sasa hivi, kabla mama hajarudi. Ajue anamuoa nani."

Mega akaipokea simu na miguu yake ikampeleka upande wa kulia, yenyewe tu, kama punda anayejua njia ya kisimani. Fundi akageuza kichwa kumfuata, akampa shavu la kushoto.

"Huku," akasema.

Hapo ndipo shetani alipomshika Mega bega. Alijua mwanga kama wengine wanavyojua dini. Alijua ukimkalisha mtu ndani, mwanga ukimjia usoni taratibu, hata kovu linalala. Na alijua kwamba pale mlangoni, saa kumi za jioni, jua huingia kwa ubavu na kila kilichokunjana huota kivuli. Mlangoni, kovu lile lingekuwa mfereji. Bwana mifugo angeona, angeshtuka, dada zake wangesema maneno, na Jumapili ingepita bila simu kulia. Ingetosha picha moja.

"Sogea mlangoni," akasema. "Mwanga wa pale mzuri."

Fundi akasogea. Akasimama pale alipoonyeshwa, jua likamshika shavu. Akalitazama jua, akamtazama Mega.

"Hapa mwanga unachimba," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema saa kumi mlangoni kwako hata ukuta laini unatoka ndui."

Masikio ya Mega yakawaka.

"Unataka akimbie?" Fundi akauliza.

Angeweza kudanganya, lakini uongo haukuwa fani yake. "Ndiyo," akasema.

Fundi akatikisa kichwa polepole, si kwa kumkatalia, kwa kumwelewa. Akaweka nywele nyuma ya sikio la kushoto ili lisibaki kitu cha kufunika.

"Basi piga hapa hapa. Kama ni wa kukimbia, akimbie leo."

Mega akapiga. Kamera ile haikumhurumia mtu. Ilileta kila mkunjo, kila mstari, na pale chini ya sikio penye ngozi nyembamba inayong'aa. Akaivuta picha karibu kwa vidole viwili, kama alivyozoea, na ndipo akaona kitu ambacho miaka mitatu hakuwa amekiona. Kovu lilikuwa linavuta kona ya mdomo wa Fundi, kidogo tu, kwenda juu. Kile kicheko chake cha upande mmoja, kile Mega alichokuwa anavuka barabara kukifuata kwa kisingizio cha simu mpya, kilikuwa kinatoka pale. Na kwenye picha ya bluu, ile ya majivuno, mdomo ulikuwa umenyooka kama wa mtu mwingine. Aliufuta yeye mwenyewe kwa kidole, akajisifu.

Akamrushia picha kwenye simu yake ya zamani, ile iliyopasuka kioo. Fundi akaandika maneno matatu, akamwonyesha kabla ya kutuma: Huyu ndiye mimi. Akabonyeza. Ikaenda.

Wakakaa wanangoja. Mega akapanga makava yaliyokuwa yamepangika. Akafungua droo, akaifunga. Mwishowe ulimi ukamshinda.

"Akikataa, mimi nipo."

Fundi akainua uso. "Kama mtu anayesubiri kuokota?"

"Sikumaanisha hivyo. Nakupenda, Fundi. Ndicho nilichotaka kusema. Nimelisema vibaya."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumtajia mteja dhamana ya simu, na kwa sababu hiyo likawa zito zaidi. Fundi akaegemea kaunta. Macho yake yakajaa, hayakumwagika.

"Tangu lini?"

"Tangu simu ya kwanza niliyokuja kuijaribu kwako. Haikuwa mpya hata. Ilikuwa yangu."

Akacheka kidogo, kile kicheko. Mega akadhani mlango umefunguka. Akaanza kusema kwamba ataongea na mama, kwamba duka linakua, kwamba mdomo wake huu ataufunga kufuli. Fundi akamwacha amalize, kisha akamuuliza swali moja.

"Miaka mitatu umesimama upande wangu wa kulia. Huyo unayempenda, anaishia puani?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua," Fundi akasema. "Mama pia ananiheshimu hivyo hivyo."

Simu iliyopasuka ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Fundi aliutazama kama barua ya hospitali. Mega aliomba uwe wa kukataa, na haoni aibu kusema hivyo. Fundi akaugusa na sauti ikatoka dukani mle, ya mwanamume mwenye maneno ya polepole, na nyuma yake ng'ombe analalamika.

"Nimeipata. Samahani, nimechelewa kidogo, mikono ilikuwa michafu, nipo zizini. Nimeitazama vizuri. Hilo ni la moto, si ndiyo? Naona limevuta ngozi mpaka mdomoni. Linakubana ukicheka? Ulikuwa na umri gani, na nani alikuuguza? Niambie basi, kama si siri. Mimi sina haraka, huyu ng'ombe mwenyewe hataki kusimama."

Ikakatika.

Hakukuwa na neno la mapenzi hata moja mle. Hakumsifu, hakumwambia si kitu, hakusema uzuri ni wa moyo. Aliuliza tu. Lakini Mega aliona mabega ya Fundi yanashuka, taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya mwendo mrefu. Hapo akajua. Mwingine angehitaji kuambiwa, yeye alishajua.

Fundi akabonyeza kujibu. Hakutoka nje, hakumgeuzia Mega kisogo. Alirudi kusimama pale pale mlangoni, akaongea jua likiwa shavuni.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema kwenye simu. "Mama alikuwa anapiga pasi nguo za watu, ndiyo kazi iliyokuwa inatulisha. Nilikuwa nacheza chini ya meza, nikavuta waya, pasi ikanijia. Mama aliidaka kwa mkono mtupu kunitoa nayo. Mimi watu wananiona. Yeye kiganja chake cha kulia hakina mistari hadi leo na hakuna anayekiona. Aliniuguza yeye, kwa mkono mmoja. Ndiyo, linanibana kidogo nikicheka sana. Wakati wa baridi linauma."

Kidole hakikuachia.

"Mama hawezi kuliangalia. Anadhani namlaumu. Sijawahi kumlaumu, hata siku moja, ila sijui kumwambia."

Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi za duka nyuma yake, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Hakuna aliyemsikia akivuka. Fundi alipogeuka walikuwa uso kwa uso. Mama akainua mkono wake wa kulia, ule uliokunjwa siku zote, akaukunjua, akauweka juu ya shavu la binti yake. Kiganja kile laini kisicho na mistari kililala juu ya kovu na kulifunika lote, kipimo kimoja. Wakakaa hivyo. Mama alikuwa analia bila sauti na Fundi anamwambia maneno madogo, ndiyo mama, najua mama, yamekwisha mama.

Mega akaangalia kaunta. Kuna mambo mtu hatakiwi kuyaona hata akiwa dukani kwake.

Baada ya muda mama akajifuta kwa utepe wa kupimia, akakohoa.

"Mfungie nyeusi," akasema.

Mega akafunga. Akaweka chaja, akaweka kava bila kuombwa, akabandika kioo cha kinga, na safari hii haikuingia hata punje moja ya vumbi. Mama akatangulia ngazini. Fundi akashika mfuko lakini Mega hakuuachia upande wake.

"Kama ningeuliza mimi," akasema, "ungeniambia?"

Fundi akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hakutaka kumpa jibu la kumpoza.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nangoja uulize," akasema. "Kila ukija na simu nasema leo. Mwaka wa pili nikawa nalipanga kichwani nianzie wapi, ili lisikutishe. Mwaka wa tatu nikaona labda hutaki kujua." Akavuta mfuko polepole, Mega akauachia. "Sikuwa na siri, Mega. Nilikuwa na jibu, nimekaa nalo."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyommaliza. Hasira ingekuwa na pa kushikia, mtu angebembeleza, angeapa, angepiga magoti mbele ya feni. Huyu alikuwa ameshasamehe, na ameshaondoka.

Wakashuka ngazi, mama na binti, wameshikana mikono. Walikuwa hawajafika katikati ya barabara simu ya zamani ikalia tena. Fundi akaiweka sikioni, akasikiliza, akacheka kitu. Mega hakusikia alichoambiwa. Aliona tu mama anamvuta mkono apishe gari, naye anafuata bila kuangalia njia, anaongea, anaongea, kama mtu aliyekuwa na mengi.